Bomba la Kuoshea Macho Liko Wapi?

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata hatujaonana.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili muhula uanze. Orodha ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kemia ilinifikia, na mbele ya jina moja mtu wa usajili alikuwa ameandika neno moja tu: haoni. Nilikuwa nimefundisha miaka 11. Sikuwahi kumfundisha mwanafunzi asiyeona, wala sikumjua mwalimu mwenzangu aliyewahi. Picha iliyonijia kichwani ilikuwa ya mkono unaopapasa mezani na bika la asidi likianguka. Jioni hiyohiyo nikamwandikia mkuu wa idara barua pepe, nikapendekeza binti huyo asamehewe kazi zote za maabara, apewe insha badala yake. Niliamini natenda wema. Hata maneno "kumpunguzia mzigo" yalikuwamo.

Mkuu wa idara akafanya jambo ambalo siku ile liliniudhi: alimpelekea mhusika barua yangu kama ilivyo. Jibu likaja kesho yake asubuhi. "Mwalimu, nimekuja kusoma kemia. Nikiondolewa maabara nitakuwa nimesoma nini? Naomba tuonane, ila iwe maabara, isiwe ofisini."

Kabla sijaendelea: nilimwomba ruhusa ya kusimulia haya, akanipa kwa masharti mawili. Nisimtaje jina, na nisimfanye shujaa. "Usiwaambie nilikuwa na moyo wa ajabu," alisema. "Waambie faili zako hazikusomeka."

Basi tukaonana maabara, siku ambayo hakukuwa na darasa. Alikuja na fimbo nyeupe, akaniomba tuzunguke taratibu. Alihesabu meza, akagusa kingo zake, akauliza mabomba ya gesi yanafungwa kuelekea upande gani. Kisha akauliza: "Bomba la kuoshea macho liko wapi?" Nikanyoosha kidole. Kidole kikabaki hewani, yeye akisubiri, na mimi nikasikia uso ukinipata moto. Nilipojaribu kusema kwa maneno, sikuweza. Miaka 11 ndani ya chumba kile, na sikujua ni hatua ngapi kutoka meza ya tatu hadi kwenye bomba ambalo wanafunzi wangu wote wangelihitaji siku macho yao yakiingia asidi, siku ambayo hakuna hata mmoja wao angekuwa anaona. Tulihesabu pamoja. Hatua saba, kisha kulia hatua mbili.

Kama una mwanafunzi wa namna hii mwakani, anza hapo. Usianze na mkutano wa ofisini wenye fomu. Mpeleke chumbani pasipo na watu, mwache aulize. Maswali yake yatakuonyesha unachopaswa kutengeneza kuliko mwongozo wowote niliousoma baadaye.

Mihadhara ilianza, nami nikagundua jinsi lugha yangu ilivyojaa vidole. "Hii ukiigawa kwa hii, unapata ile pale." "Kama mnavyoona, mstari unapanda hapa." Kwa mtu aliyeketi safu ya mbele bila kuona ubao, hotuba ya namna hiyo ni kelele tu. Nikaanza kujizoeza kusoma kwa sauti kila ninachoandika, na hapo nikakutana na shida nyingine ambayo sikuitarajia: hesabu zikisomwa ovyo zinapotosha. Nikisema "moja juu ya x jumlisha mbili", je, mbili iko chini pamoja na x, au imesimama peke yake pembeni? Anayeona ubao hata hajiulizi. Asiyeona ana milinganyo miwili tofauti na hajui achague upi.

Yeye ndiye aliyenipa dawa, kwa sababu ameikuta kwenye nukta nundu, yaani Braille, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Seli moja ya nukta nundu ina nukta 6, na nukta 6 zinatoa maumbo 63 tu, bila kuhesabu seli tupu. Kwa maumbo hayo 63 inabidi uandike herufi, tarakimu, vipeo, mizizi, mishale, kila kitu. Abraham Nemeth, mwanahisabati Mmarekani ambaye mwenyewe hakuona, alitengeneza mfumo wa hisabati kwa nukta nundu uliochapishwa mwaka 1952, na ndani yake sehemu, yaani namba moja juu ya nyingine, ina alama ya kuifungua na alama ya kuifunga. Nikaiga. Nikawa nasema: "anza sehemu, moja, juu ya, x jumlisha mbili, maliza sehemu." Wiki ya kwanza darasa zima lilicheka. Wiki ya tatu nikawasikia wanaoona wakisomeana milinganyo hivyohivyo wakati wa kujadiliana.

Niliposoma habari za Nemeth nikakuta jambo lililonichoma. Alipokuwa kijana washauri wake walimwondoa kwenye hisabati wakampeleka saikolojia, wakidhani hisabati haitamfaa mtu asiyeona. Alisoma saikolojia hadi shahada ya uzamili kabla ya kurudi kwenye hisabati. Nikaikumbuka barua pepe yangu.

Sasa niseme kuhusu faili, maana nilitumwa niseme. Maelezo yangu ya somo yalikuwa kurasa nilizoandika kwa mkono zamani, nikazipiga skani, nikaziweka kwenye PDF. Kwa macho yalipendeza. Kwa programu ya kusoma skrini yalikuwa rundo la picha, na picha haina herufi ya kusoma. Sikumwamini aliponiambia, kwa hiyo nikapakua NVDA, kisomaji cha skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona. Nikazima skrini yangu, nikajaribu kusoma sura ya kwanza ya maelezo yangu mwenyewe. Nilidumu kama dakika nne. Ilikuwa kimya, kisha namba ya ukurasa, kisha kimya tena. Ukiwa na jioni moja tu ya kujiandaa, itumie kwa jaribio hilo.

Nilianza kuandika upya sura moja baada ya nyingine. Milinganyo niliiandika kwa LaTeX, namna ya kuandika hisabati kwa herufi za kawaida za kibodi, kwa sababu alinieleza kwamba anaisoma LaTeX yenyewe kama maandishi ya kawaida, herufi kwa herufi, na haimsumbui. Wapo wengine wanaopendelea ukurasa wa wavuti wenye MathML, lugha ya kuandikia hisabati kwenye wavuti, ambao kisomaji kinaweza kuutamka kama hisabati. Muulize mhusika anatumia nini. Mimi nilipoteza siku tatu nikiandaa mfumo ambao hakuutaka, kwa sababu niliona aibu kumuuliza.

Halafu likaja jaribio la kwanza. Alipata 41.

Nitasema ukweli kuhusu nilichowaza, maana ndicho nilichokuja kuandika hapa: niliwaza, "Nilisema." Sikulitamka, lakini nilijiona mwenye haki. Nilimwita nikiwa na hotuba tayari kuhusu kubadili fani mapema kabla mambo hayajawa magumu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, maswali manne kati ya sita yametoka wiki ya nne. Mimi wiki ya nne nimeipokea jana."

Nilikaa nikapiga hesabu. Nilikuwa natuma maelezo usiku wa kuamkia kipindi, kama nilivyozoea. Wenzake waliyafungua palepale. Ya kwake yalikwenda ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, yakapangwa foleni, michoro ikatengenezwa upya, kurasa zikachapwa kwa nukta nundu. Siku tano zikiwa chache, nyakati nyingine nane. Muhula mzima alikuwa akisoma wiki iliyopita huku akisikiliza wiki iliyopo na kufanyiwa mtihani wa zote mbili. Kemia ilikuwa haijamshinda bado. Hakuwa amepewa nafasi ya kupambana nayo.

Tangu hapo, katika yote niliyobadilisha, hakuna kilicholeta tofauti kubwa kuliko kuwahisha. Maelezo ya muhula wa pili niliyakamilisha yote kabla muhula haujaanza, hata yale yenye makosa ya uchapaji. Gharama yake ilikuwa likizo yangu: karibu saa 70, na ugomvi mmoja nyumbani ambao sitausimulia. Muhula uliofuata zilitosha saa chache za kurekebisha. Mzigo ni wa mara moja, lakini mara hiyo moja ni mzito, na idara ikikwambia hakuna muda uliotengwa kwa kazi hiyo, omba kwa maandishi upunguziwe vipindi. Mimi niliomba kwa mdomo, nikajibiwa kwa mdomo, na maneno yakaishia hewani.

Michoro ina somo lake. Kuna karatasi ya kuvimba: unachapa mchoro kwa wino mweusi, unaipitisha kwenye mashine ya joto, na mistari myeusi inainuka hadi kidole kinaisikia. Nilipoipata nilifurahi kama mtoto, nikachukua mchoro wa hali za maji kutoka kitabuni na kuupitisha mzimamzima, na miraba yake ya nyuma, na maandishi yake madogo. Alipapasa kwa muda akauliza, "Huu ni uzio wa kuku?" Ncha ya kidole haioni kama jicho. Inataka mistari michache, minene, iliyoachana, na maandishi mengi yahamishiwe kwenye ukurasa wa pembeni. Toa miraba. Kama mchoro una mikondo mitatu, tengeneza karatasi tatu. Na kama mashine huna, uzi uliogandishwa kwa gundi kwenye karatasi ngumu unafanya kazi vizuri. Grafu zake nyingi za mwaka ule zilikuwa za uzi.

Kitu kilichonishangaza zaidi kilikuwa kabatini siku zote: vile vitufe na vijiti vya kuundia molekuli. Shida ilikuwa moja, atomi zinatofautishwa kwa rangi: kaboni nyeusi, oksijeni nyekundu, naitrojeni bluu. Tulibandika kipande cha msasa kwenye oksijeni, na utepe kwenye naitrojeni, basi. Wenzake waliendelea kuchora methani kama msalaba uliolala kwenye karatasi, wakisahau kila mara kwamba pembe zake ni nyuzi 109.5 wala si 90. Yeye hakulikosea swali hilo hata mara moja. Alikuwa ameishika methani mkononi.

Maabara ndipo nilipokosea vibaya, na nilikosea huku nikijipongeza. Chuo kilimpa msaidizi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mpole, mwenye bidii. Wiki tatu mambo yalikwenda bila tatizo. Ripoti zake zilikuwa nzuri. Nikawa nawaambia wenzangu kwamba tumefaulu. Siku moja nikaona koti lake la maabara: jeupe, halina hata doa. La msaidizi lilikuwa na madoa ya kila rangi. Msaidizi alikuwa akipima, akimimina, akisoma, akimwambia matokeo; yeye alikuwa amesimama pembeni mikono mifukoni akisikiliza kemia kama redio. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba msaidizi ni mwema sana na hakutaka kumvunja moyo. Jibu hilo nimelifikiria mara nyingi.

Tulikaa watatu tukaweka utaratibu. Msaidizi hagusi kitu mpaka aelekezwe. Akiulizwa rangi, anataja rangi. Hasemi "tayari" wala "imefika", kwa sababu kuamua kama imefika ndiyo kemia yenyewe. Mwanafunzi akitoa agizo lenye kosa, msaidizi analitekeleza kosa hilo, isipokuwa kama ni la hatari. Hili la mwisho lilimtesa yule msaidizi kuliko yote. Alikuwa anauma midomo.

Vifaa vilifuata. Kwa kupima ujazo, bomba la sindano lisilo na sindano, mchi wake ukachongwa kijino kila baada ya mililita fulani, ili ukucha ukihisi kijino ujue umefika. Mizani inayotamka uzito. Jiko la umeme badala ya moto wa gesi pale inapowezekana. Trei yenye ukingo, ambamo kila chombo kina mahali pake pasipobadilika. Na kwa titresheni, yaani kuongeza besi kwenye asidi tone kwa tone hadi zitoshane, ambako wenzake walingoja kiashiria cha rangi, fenolfthaleni, kigeuke waridi, yeye alitumia kipima pH (namba inayopanda asidi inavyopungua) na kihesabu matone vilivyounganishwa na kompyuta inayosema kwa sauti. Asidi kali na besi kali za 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) zikikutana, karibu na kikomo tone moja tu kila upande hurusha pH kutoka takribani 4 hadi 10. Anayetazama rangi anaona kioo kikigeuka ghafla. Yeye alisikia namba zikipanda polepole, nne pointi moja, nne pointi tatu, kisha zikaruka, na akacheka kwa sauti katikati ya maabara iliyonyamaza. Mwisho wa mwaka nilikuwa nafundisha darasa zima kwa kipima pH kwanza, rangi baadaye.

Ajali? Ilikuwa moja, na niliisababisha mimi. Nilipita nikifuta meza, nikasogeza trei yake kama sentimita 20, sikusema. Alinyoosha mkono pale chupa ilipokuwa na kuangusha ile iliyosogea hapo. Ilikuwa sodiamu haidroksaidi iliyozimuliwa, ikalowesha meza na mkono wa koti. Alikwenda mwenyewe kwenye sinki akaosha. Niliomba radhi mara nyingi hadi akachoka. "Mwalimu," alisema, "wewe ukirudi nyumbani ukakuta mlango umehamishwa, utagonga ukuta." Usihamishe kitu cha mtu asiyeona bila kumwambia, hata kama ni kalamu.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulitufundisha jambo ambalo sikulisoma popote. Aliongezewa nusu ya muda, akapewa chumba chake na mwandishi wa kumwandikia. Mwandishi alikuwa mtu makini wa fani ya sanaa. Mwanafunzi alitamka "C, O", akimaanisha kaboni monoksaidi, na mwandishi akaandika C kubwa na o ndogo, yaani kobalti. Mara sita. Msahihishaji alikata alama mara sita, kihalali kabisa kwa alichokiona. Tulikata rufaa, ikachukua wiki tano, alama zikarudi. Tafuta mwandishi anayeijua fani, au mwache mwanafunzi aandike mwenyewe kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Muda wa nyongeza pekee hausaidii kama anayeshika kalamu hajui anachoandika.

Mwaka uliofuata nilipata mwanafunzi kiziwi, nikaingia darasani kifua mbele nikijiona mtaalamu. Maelezo niliyawahisha, nikajua nimemaliza. Kumbe nilikuwa nazungumza huku nikionyesha jaribio, na yeye ana macho mawili tu: yakiwa kwa mkalimani wa lugha ya alama hayawezi kuwa kwenye chupa inayobadilika rangi. Nyamaza, onyesha, ngoja macho yarudi, ndipo useme. Jingine ni kwamba istilahi nyingi za sayansi hazina alama iliyozoeleka, na mkalimani anabaki kutamka herufi kwa vidole, moja moja, huku mimi nimeshafika sentensi ya tatu. Tulianza kumpa mkalimani orodha ya maneno ya wiki mapema, yeye na mwanafunzi wakakubaliana alama zao. Kuhusu manukuu ya mashine, yajaribu kwanza kwa sauti yako na majina ya kemikali uone yanavyochekesha kabla hujamtegemezea mtu mtihani.

Kwa wanaotumia kiti cha magurudumu sina mengi ya kujisifia. Meza moja ilishushwa. Kamba ya bafu la dharura ilirefushwa, kazi ya dakika kumi iliyongoja miezi minne. Kabati la kuvuta mvuke bado liko juu vilevile.

Na wapo ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Siku hizi kipindi cha kwanza nasema wazi kwamba mwenye jambo lolote linalomfanya asome tofauti aje tuzungumze, hata kama hana karatasi ya daktari. Mwaka wa kwanza kusema hivyo walikuja watano. Miaka yote ya nyuma nilidhani sina.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, niliusoma nikiwa nimeshafanya makosa yote haya. Ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho ya kufaa ni ubaguzi, na ibara ya 24 inaitaja elimu ya juu kwa jina. Ungenikuta na barua yangu ya kumpunguzia mzigo, ungeniweka pabaya.

Yule binti asiyeona sasa yuko mwaka wa mwisho, na kuna mambo ambayo hatujayatatua. Programu nyingi za kuchora molekuli zinataka kipanya na macho. Kwa hiyo amejifunza SMILES, namna ya kuandika molekuli kwa mstari mmoja wa herufi: ethanoli ni CCO, benzeni ni c1ccccc1, tarakimu zikionyesha pete inapojifunga. Anaisoma kwa kisomaji cha skrini haraka kiasi kwamba mimi nasikia mlio tu.

Juzi nilimwandikia kwamba nitachelewa kumrudishia sura ya pili ya utafiti wake, kichwa kinaniuma kwa kusahihisha. Akanijibu kwa mstari mmoja: CC(=O)Oc1ccccc1C(=O)O. Nikachukua kalamu na karatasi, nikaanza kuchora pete, nikaongeza kundi moja, nikafuta, nikarudia. Zilipita kama dakika tano kabla sijaona kwamba ni aspirini, na ujumbe wake wa pili ulikuwa umeshaingia: "Mwalimu, bado unachora?"